Sifa za Terminali Nyepesi

Hapa kwetu mtaani Mikelenge, kompyuta mpakato yenye Linux mara nyingi ni ya mtumba, na betri yake huchajiwa kwa paneli ya sola. Kwa mashine ya namna hiyo, kuchagua terminali, yaani lile dirisha ambamo amri huandikwa, kunataka jicho la fundi. Naupenda ufundi huu kwa kuwa anayeujua huitendea haki mashine aliyonayo.

Terminali ya leo huiga chombo halisi. Mwaka 1978 kampuni ya DEC ilitoa VT100, skrini na kibodi vya kuzungumzia na kompyuta kubwa, herufi 80 kwa mistari 24. Madirisha mengi bado hufunguka kwa kipimo hicho. Mark Vandevoorde alianza kuandika terminali ya xterm mwaka 1984. Tangu 1996 mtunzaji wake ni Thomas Dickey. Miaka yote hiyo, programu moja, kasoro moja baada ya nyingine! Uvumilivu wa aina hii ndio ufundi wenyewe.

Zipo mpya, nazo ni kazi nzuri. Alacritty, na kitty ya Kovid Goyal, huchora herufi kwa kadi ya picha, na maandishi hata yakifurika hupita bila kukwama. Lakini kama kadi yako ni ya kizamani, haifikii OpenGL ya toleo la 3, kitty haifunguki. Basi chagua nyepesi: mwenye kapu moja la mihogo anayevuka mto Lualaba kwenda Alunguli hupanda mtumbwi. Hangoji kivuko kikubwa.

Kabla ya kuamua, ijaribu kwa kazi yako. Sisi tunachanganya Kiswahili na Kifaransa katika faili moja, basi andika é, à na ç. Zikigeuka takataka, huenda terminali haijawashwa kwa usimbaji wa UTF-8. Kwa xterm, amri ya uxterm hulimaliza jambo hilo. Fungua madirisha kadhaa, kisha tazama kwa amri ya top yanakula kumbukumbu kiasi gani. Hapo terminali ya rxvt-unicode hung'ara, maana programu yake ya nyuma, urxvtd, peke yake huyahudumia madirisha yote. Na mtandao ukikatika ukiwa ndani ya seva ya mbali kwa ssh, programu ya tmux uliyoiwasha kulekule huishikilia kazi yako hadi urudi.

Kwa mashine ya zamani, xterm na tmux zinatosha. Ziweke, kisha andika man xterm usome mwongozo wake wote. Umo ndani ya kompyuta, hauhitaji mtandao.