Kitunda, Malkia na Mwalimu: Uhakiki wa Filamu za Bingwa wa Sataranji wa Katwe kwa Mtazamo wa Buyenzi

Buyenzi ni miongoni mwa mitaa ya Bujumbura ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani, sokoni na barazani tangu enzi ya ukoloni. Katika mtaa wa namna hii, filamu inayosimulia maisha ya bingwa haipimwi kwa uzuri wa picha peke yake. Hupimwa pia kwa swali la msingi: inazungumza na nani?

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala. Alijifunza sataranji kwa Robert Katende, katika mradi ulioanza mwaka 2004 ambapo watoto walifundishwa mchezo na kupewa uji. Aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya Sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi, mwaka 2010, na tena Istanbul mwaka 2012. Tim Crothers aliandika kitabu juu yake, na mwaka 2016 Mira Nair akatoa filamu ya kuigiza, *Queen of Katwe*. Kabla ya hapo, mwaka 2014, Nair alikuwa ametoa filamu fupi ya makala, *A Fork, a Spoon & a Knight*, inayomweka Katende katikati ya usimulizi.

Filamu ya kuigiza imejengwa juu ya sitiari ya kitunda, kete ndogo inayoweza kugeuka malkia ikifika mstari wa mwisho. Sitiari hiyo inavutia, lakini humwelekeza mtazamaji amwone bingwa kama muujiza. Nguvu yake kubwa hujitokeza mwishoni, waigizaji wanaposimama bega kwa bega na watu halisi waliowaigiza. Hapo filamu inakiri, bila kutamka, kwamba kuna kazi ambayo uigizaji hauwezi kuimaliza.

Filamu ya makala inaianza kazi hiyo. Kwa kumchagua mwalimu badala ya bingwa, inabadili swali kutoka “nani ana kipaji?” hadi “nani alimfungulia mlango?” Kwa washauri wa sera, tofauti hii ni nzito. Kipaji hakiingizwi katika bajeti. Mwalimu, ubao na sufuria ya uji huingizwa.

Hata hivyo, filamu hizi mbili zina upungufu wa pamoja: hazikai vya kutosha kwenye ubao. Mtazamaji huoneshwa uso na mkono, lakini fikra iliyousogeza mkono hubaki gizani. Kasoro hiyo haiihusu Katwe pekee. *Magnus* (2016) ya Benjamin Ree, juu ya Magnus Carlsen wa Norwe, hutumia picha zilizorekodiwa na familia kuonesha utoto wake, lakini mchezo wenyewe huachwa kama siri ya wateule.

Suala la pili ni lugha. *Queen of Katwe* imetawaliwa na Kiingereza, pamoja na Kiganda kidogo. Maandishi ya chini ya picha humtaka mtazamaji asome kwa kasi, jambo linalomwacha nje mtoto ambaye bado anajifunza kusoma. Afrika Mashariki ina jadi yake ya kusimulia filamu kwa sauti, kama walivyofanya Lufufu nchini Tanzania na masimulizi wa vibanda vya video nchini Uganda. Lakini msimulizi wa jadi hiyo ana uhuru wa kuongeza chumvi. Katika filamu ya makala, chumvi hiyo humwekea mtu aliye hai maneno asiyoyasema. Usimulizi wa Kiswahili unaohitajika ni wenye uaminifu wa tafsiri.

Kisingizio cha uhaba wa istilahi hakina mashiko. Sataranji, shaha, ngome, farasi na kitunda ni maneno ya Kiswahili, na jina la mchezo lenyewe lilipitia Uajemi na Uarabuni kabla ya kufika pwani.

Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na Kamisheni ya Kiswahili ya jumuiya hiyo ina makao yake Zanzibar. Ugharimiaji wa filamu za makala za kielimu uambatane na sharti la usimulizi wa Kiswahili, na maonesho yake mitaani yaambatane na ubao na mwalimu. Bila hayo, mtoto wa Buyenzi atamshangilia bingwa wa Katwe, kisha atarudi nyumbani bila kujua farasi husogezwaje.