Ua wa Ndani Katika Maskani ya Gourna Mpya

Mwaka 1945 serikali ya Misri ilimkabidhi Hassan Fathy, msanifu wa majengo, kazi ya kujenga kijiji kipya ng'ambo ya magharibi ya Mto Nile, mkabala na mji wa Luxor, ili watu wa Gourna, waliokuwa wakikaa juu ya makaburi ya kale na kuyafukua, wahamishiwe huko. Naye, badala ya kupanga vibanda safu kwa safu, aliianza kila nyumba kwa ua wake wa ndani.

Ua huo ulikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni ya hewa. Jua likisha kutua jangwani, sakafu na kuta huutoa moto wake kuelekea mbinguni, hewa ya joto hupanda, na ile ya baridi, kwa uzito wake, hushuka ikatuama uani na kupenya vyumbani. Na kukipambazuka, pepo za moto hupita juu ya mapaa pasi na kuifikia hewa hiyo ya baridi, hata nyumba ikabaki na ubaridi wake saa nyingi za asubuhi. Kuta nene za matofali mabichi, ya udongo uliochanganywa na majani makavu, huzidi kulichelewesha joto.

Ya pili ni ya sitara. Fathy alizikusanya nyumba za jamaa wa ukoo mmoja, waitwao huko badana, kuzunguka kiwanja chao cha shirika, na njia akazipinda makusudi ili mgeni asijikute ghafla mbele ya ahali ya watu: barabara ni ya wote, kiwanja ni cha ukoo, ua ni wa wenye nyumba. Mtu wa Lamu, aliyezoea kupita dakani kabla ya kufika kiwandani, yaani ua wa ndani wa nyumba ya mawe, hatauona mpango huo kuwa mgeni.

Illa wengi wa waliokusudiwa walikataa kuhama, kwani riziki yao ilikuwa pale pale makaburini, na kazi ikasimama kabla kijiji hakijakamilika. Hewa iliutii mpango. Watu hawakulazimika kuutii. Kwa hiyo msanifu wa leo atakaye kuurejesha ua katika nyumba za kisasa hana budi kwanza kuwauliza wenyewe wanakaa na nani, wanapika wapi, mgeni wanampokea wapi, na riziki yao yatoka upande gani, ndipo apime kuta.