Kujua Pakiti Inapoishia

Kuunganisha kompyuta mbili kwa laini ya siriali hakuhitaji zaidi ya nyaya tatu: mmoja wa kutuma, mmoja wa kupokea na mmoja wa ardhi, mradi wa kutuma upande huu uingie penye kupokea upande ule. Biti hupita humo moja nyuma ya nyingine. Kila baiti ya biti nane husindikizwa na biti ya kuanzia na ya kumalizia, hivyo kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde hufika baiti 960 tu. Lakini wembamba si tatizo kuu la njia hii. Waya haujui pakiti ni nini. Unajua baiti, kisha baiti nyingine, mfululizo usio na nukta. Intaneti nayo husafirisha pakiti, kila moja na mwanzo wake na mwisho wake. Pengo hilo ndilo lililozaa kazi ninayoisifu, itifaki ya SLIP, ambayo Rick Adams aliitengenezea mfumo wa 4.2BSD karibu mwaka 1984 na John Romkey akaieleza katika waraka wa RFC 1055, Juni 1988.

SLIP hujibu swali moja: pakiti inaishia wapi? Baiti ya 192 ndiyo alama ya mwisho. Ikitokea 192 ndani ya pakiti yenyewe, mtumaji huweka 219 na 220 mahali pake. Ikitokea 219, huweka 219 na 221. Basi. Uzuri zaidi umo katika pendekezo la Phil Karn, lililotajwa katika waraka huohuo, kwamba 192 itangulie pakiti pia. Makelele ya laini yakiwa yamezusha baiti za ovyo kabla ya pakiti kufika, alama hiyo huzifunga peke yake, zikatupwa, na pakiti halisi ikaanza ikiwa safi. Baiti moja tu, na uchafu wote uko nje! Huo ndio ufundi: kutambua kazi ambayo hakuna mwingine wa kuifanya, kuifanya barabara, na kuacha iliyobaki kwa wenyewe.

Watapinga wengine kwamba kilichoachwa ni kingi mno. SLIP haitangazi anwani, haisemi imebeba itifaki gani, wala haikagui makosa. Kuhusu anwani, naona pingamizi ni jepesi, kwa kuwa waya wenye ncha mbili una mpokeaji mmoja tu. Tena uwili huo ni utajiri. Herufi moja iliyobonyezwa ilisafiri na vichwa vya pakiti vya baiti 40. Mwaka 1990 Van Jacobson alionyesha kwamba, kwa kuwa pande zote mbili zinakumbuka kichwa kilichopita, yatosha kutuma mabadiliko tu, na baiti 40 zikashuka hadi 3 hivi. Kuhusu makosa, itifaki ya TCP, inayosafiri ndani ya pakiti, hujikagua yenyewe, lakini hapa wapinzani wana haki: ukaguzi wa mwenzake UDP uliweza kuzimwa, na kurudia pakiti iliyoharibika kwenye laini ya polepole ni ghali. Ndiyo maana itifaki ya PPP ilishika nafasi yake, ikiwa na ukaguzi wa makosa, nywila na ugawaji wa anwani, na kupata sura yake ya kudumu katika RFC 1661 ya mwaka 1994. Modemu nyingi za USB zilizopiga *99# ili kuingia intaneti zilitumia PPP hiyo. Hata hivyo, ifungue PPP kwenye laini ya siriali: utakuta 126 ikitenga pakiti na 125 ikikinga baiti zinazofanana na alama. Namba zimebadilika, jibu ni lilelile.

Nayo SLIP haijastaafu. Leo anayepakia programu kwenye chipu ya ESP32 kwa zana ya esptool hutuma kila amri ikiwa imefungwa kwa mtindo wake, 192 mbele na 192 nyuma.