Tumaini na Hoja: Msamiati wa Mahakama katika Kitabu cha Ayubu cha Kiswahili

Katika mahubiri na maandishi ya Kikristo ya Kiswahili, Ayubu hutajwa zaidi kama kielelezo cha uvumilivu. Mtazamo huo una misingi miwili. Wa kwanza ni Waraka wa Yakobo (5:11), unaomsifu kwa kuvumilia. Wa pili ni mapokeo ya Waswahili: Utendi wa Ayubu, uliochapishwa na Alice Werner katika miaka ya 1920, pamoja na methali kama "subira yavuta heri", umeifanya subira kuwa fadhila kuu ya mwenye dhiki. Makala haya yanadai kuwa usomaji huo unaegemea mno masimulizi ya mwanzo na ya mwisho wa kitabu. Katika ushairi uliopo kati yake, matumaini yamejengwa kwa msamiati wa mahakama.

Tumaini hujitokeza kwanza kama kitu kisichokuwapo. Katika 7:6, siku za Ayubu zinapita upesi kama chombo cha mfumaji na kuisha bila tumaini. Neno la Kiebrania tikva lina maana ya tumaini na pia ya uzi. Siku zinakoma kama uzi unavyokwisha. Kiswahili hakina neno moja lenye maana hizo mbili, hivyo taswira ya mfumaji inabaki bila kiungo chake. Mstari wa 13:15 ni mzito zaidi. Matini ya Kiebrania huandika neno lenye maana ya "si", ilhali mapokeo ya usomaji hulitamka kwa maana ya "kwake". Kwa hiyo Ayubu ama anamtumaini Mungu anayemwua, ama hana tumaini. Tafsiri ya Muungano (1952) ilichagua maana ya pili. Hata hivyo, papo hapo Ayubu anaazimia kuutetea mwenendo wake mbele za Mungu. Tumaini hana, hoja anayo.

Hoja hiyo inakua kwa hatua tatu. Katika 9:33 Ayubu analalamika kuwa hakuna wa kuamua kati yake na Mungu. Katika 16:19 anadai kuwa shahidi wake yuko mbinguni. Katika 19:25 anatangaza kuwa mteteaji wake yu hai. Mwamuzi, shahidi, mteteaji: kila hatua inamleta mtu anayehitajika ili shauri lisikilizwe. Imani yake inadhihirika katika kukataa kuiondoa kesi, ingawa anayeshtakiwa ndiye pia hakimu.

Biblia Habari Njema imeweka mkombozi badala ya mteteaji. Uteuzi huo una uzito wake. Neno la Kiebrania goel humtaja jamaa mwenye wajibu wa kukomboa ardhi au nduguye, na kitenzi komboa hubeba dhana hiyo ya kulipia kilichofungwa kwa deni. Maana hiyo inaafikiana na muktadha, kwa kuwa muda mfupi kabla yake Ayubu amelalamika kuwa ndugu na jamaa wamemtenga (19:13–14). Lakini kwa msomaji Mkristo wa leo, mkombozi ni karibu jina la Kristo, na mstari huhamia upesi kwenye wokovu wa baadaye. Mteteaji huubakiza mahakamani, na kuukaribia Waraka wa Kwanza wa Yohana (2:1), ambamo Kristo anaitwa mwombezi kwa Baba.

Tofauti hii inawagusa wasomaji wanaofiwa, wanaougua na wanaodhulumiwa. Akihimizwa subira peke yake, mwenye dhiki anaweza kudhani kuwa kulalamika ni kukosa imani. Kitabu chenyewe kinahukumu kinyume: katika 42:7 Mungu anawakemea marafiki waliomtetea Yeye, na kusema kuwa Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Uhakiki wa fasihi ya Kikristo ya Kiswahili hauna budi kuyasoma malalamiko kama sehemu ya lugha ya tumaini, si kama kasoro ambayo subira huja kuifuta.