Mfupa wa Ishango: ajabu ngapi?

Kusini-mashariki ya miji ya Musienene na Butembo, nchini Kongo, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, ndipo Ishango. Mwaka 1950 mwanajiolojia Jean de Heinzelin alifukua hapo mfupa mdogo wenye umri wa miaka ipatayo 20,000, ambao sasa umehifadhiwa Brussels. Mikato yake imepangwa kwa safu tatu, na safu hizo zinasomeka kama beti.

Ya kwanza: 11, 13, 17, 19. Ya pili: 11, 21, 19, 9. Ya kati: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7. Jumla ni 60, 60 na 48, na zote zinagawanyika kwa 12 bila baki. De Heinzelin aliona humo mchezo wa hesabu. Mtafiti Alexander Marshack akaona kalenda ya mwezi.

Tuanze na ubeti wa kwanza, unaosifiwa kwa namba tasa. Mistari michache ya lugha ya programu Python inatosha: kwa alama ya %, inayotoa baki, pima kila namba kuanzia 11 hadi 20, uondoe inayogawanyika kwa 2 au kwa 3. Zinazosalia ni zile nne tu. Basi mchongaji hakulazimika kujua namba tasa ni nini. Chini ya 25, aliyezoea kuhesabu mbili mbili na tatu tatu anazifikia zote zinazozidi 3.

Na ile 60? Namba 11 na 13 zinaizunguka 12. 17 na 19 zinaizunguka 18. Jumla ya kila jozi ni mara mbili ya namba ya katikati, yaani 24 na 36, na mara mbili ya kigawe cha 6 lazima igawanyike kwa 12. Ubeti wa pili umejengwa kwa 10 na 20, kila moja ikiongezwa 1 na kupunguzwa 1. Jumla haina budi kuwa 60.

Kwa hiyo mgawanyiko kwa 12 katika beti hizi mbili hauongezi ushahidi: umezaliwa na mpangilio wenyewe. Safu ya kati ndiyo ngumu. 3 na 6, 4 na 8, 10 na 5 ni namba na maradufu yake. 5 na 7 zinaukataa utaratibu huo, na anayeziruka ili nadharia yake ipendeze amehariri mfupa. Programu ya kupima mgawanyiko kwa 12 ikijibu “ndiyo” mara tatu, mhakiki aulize ni ndiyo ngapi zilizotoka kwenye sababu moja.