Foleni ya Kutua Hupangwa Mbali na Uwanja

Mara tatu katika jioni moja mwongozaji ndege wa Flight Simulator X, mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege, aliniamuru nighairi kutua Zanzibar. Nilikuwa na Boeing 737-800 kutoka Nairobi, na kila nilipozunguka na kurudi nilikuta Cessna Caravan nyingine ya kompyuta mbele yangu, ama ingali angani au ndiyo kwanza inagusa lami. Mara ya kwanza nilidhani kosa ni langu. Mara ya tatu nilichukua karatasi na kalamu.

Nitahesabu kwa maili za baharini, kipimo cha marubani. Moja ni mita 1,852. Caravan huja kutua kwa mwendo wa maili kama 80 kwa saa, 737 kwa kama 140. Tofauti ni 60, kwa hiyo kila dakika jeti inakula maili moja ya nafasi iliyo kati yao. Caravan iliyo maili 8 kutoka uwanjani inahitaji dakika 6 kufika, na katika dakika hizo jeti hukata maili 14. Ukitaka jeti iwe bado maili 3 nje wakati Caravan inagusa lami, basi sasa hivi iwe maili 17 nje, yaani maili 9 nyuma ya mwenzake. Hizo maili 3 za mwisho ni sekunde 77 tu, na ndani yake Caravan inatakiwa ipunguze mwendo, ikate kona na kuiacha njia ya kurukia wazi.

Mimi nilikuwa nyuma yake kwa maili 5. Ukitazama ramani, nafasi hiyo inatosha. Inazidi hata maili 3 ambazo waongozaji wa kweli wenye rada huziruhusu karibu na viwanja vikubwa. Programu nayo iliridhika. Hupanga nani atangulie na nani afuate, hukupa uelekeo na kimo, kisha hungoja. Katika miaka yote niliyoitumia sikuwahi kuisikia ikiniambia nipunguze mwendo. Inapoona kwamba wawili watakutana, wamekwisha fika mlangoni, na dawa iliyobaki ni moja: panda, zunguka upya.

Dawa hiyo yenyewe ni sahihi, na Microsoft wanastahili sifa kwa kuleta waongozaji na ndege za kompyuta katika Flight Simulator 2002. Kwenye njia yenye ndege haitui ndege nyingine. Tarehe 2 Januari 2024, huko Haneda, Tokyo, Airbus A350 ya Japan Airlines ilitua juu ya ndege ya walinzi wa pwani iliyokuwa njiani. Watu 379 wa Airbus walitoka wote wakiwa hai. Katika ndege ile ndogo, watano kati ya sita walikufa. Kwa hiyo sitaki programu iache kuniambia nizunguke. Ninachotaka ni ifanye kazi mapema, ili isilazimike kuniambia.

Wapenzi wa michezo hii walitafuta tiba yao. AI Smooth, programu ndogo ya kuongezea, huzikamata ndege za kompyuta zilizobanana na kuzizungusha angani hadi nafasi ipatikane. Inasaidia, nami niliitumia kwa furaha. Lakini mzunguko mmoja wa kawaida wa rubani huchukua dakika 2, na mara nyingi ulichohitaji ni sekunde 40. Foleni inaacha kubanana, inaanza kuwa na mapengo. Kwenye VATSIM, mtandao ulioanza mwaka 2001 ambako watu wa kujitolea huongoza ndege kwa sauti zao, mwongozaji mzuri hutumia mwendo: dumisha 160 hadi maili 4. Sentensi fupi, na ndege kumi zinapangika.

Nikarudi Zanzibar kwa mara ya nne. Kuiacha njia niliyopewa sikuweza. Ukikaidi uelekeo mara kadhaa, mwongozaji wa kompyuta hufuta mpango wako wa safari. Mwendo, hata hivyo, haufuatilii. Kuanzia maili 40 hadi maili 20 nilikwenda 180 badala ya 250. Hapo nilichelewa karibu dakika 2, na dakika hizo, kwa mwendo wa kutua, ni zaidi ya maili 4. Ziongeze kwenye zile 5 nilizokuwa nazo, utaona maili 9 zimetimia.

Watengenezaji wa programu hizi, mpeni mwongozaji wenu amri ya mwendo. Nawe unayerusha, ukiwa maili 40 nje, uliza kwanza ni ndege gani iliyo mbele yako. Jioni ile Caravan ilitoka njiani nikiwa bado maili moja na nusu nje, na ruhusa ya kutua ilikuwa yangu.