Bao, Akili na Elimu: Hadithi ya Mara na Maandishi ya Wataalamu

Katika nchi ya Wazanaki na ya majirani zao husimuliwa kwamba Kambarage, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Butiama, aliyezaliwa mwaka 1922, alikuwa hodari wa bao tangu utoto wake. Husimuliwa pia kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu, nchi iliyo katika Wilaya ya Bunda ya leo, alipouona uhodari huo alitambua akili ya mtoto, akamshauri Burito ampeleke shule. Mwaka 1934 Kambarage aliingia shule ya Mwisenge, Musoma. Na yaliyofuata katika maisha ya Julius Nyerere yanajulikana kwa kila mtu.

Hadithi hii hutajwa sana panapozungumzwa habari za michezo na elimu. Wako wanaoichukua kuwa ushahidi kwamba bao hunoa akili, na kwamba likifundishwa shuleni watoto watajua hesabu. Shauri lao lina nia njema, lakini hadithi yenyewe haisemi hivyo. Yasema kwamba bao lilidhihirisha akili. Haisemi kwamba liliizaa. Tofauti ya mambo haya mawili ni kama ile ya mizani na uji: mizani huonyesha uzito wa mtoto, wala haimnenepeshi.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelipima jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1901, huko Marekani, Thorndike na Woodworth walionyesha kwamba zoezi la kazi moja husaidia kazi nyingine kidogo tu, isipokuwa pale ambapo kazi hizo zina mambo ya namna moja. Mwaka 1946 Mholanzi Adriaan de Groot aliwachunguza wachezaji wa sataranji, akaona kwamba bingwa hatazami mbele kupita wenzake kwa kiasi kikubwa kama watu walivyodhani, bali huliona upesi lililo jema. Mwaka 1973 Chase na Simon waliongeza kwamba bingwa akionyeshwa sataranji ya mchezo wa kweli kwa sekunde chache huikumbuka vizuri. Lakini vipande vikipangwa ovyo, karibu hana tofauti na mwanafunzi. Basi ubingwa ni ujuzi wa jambo lile lile lililozoewa. Haufuatani wenyewe na mambo mengine.

Je, bao ni kama sataranji? Hapa ndipo kazi ya Alexander de Voogt, Limits of the Mind, iliyotolewa Leiden mwaka 1995, inapostahili sifa. Mwandishi huyu hakuridhika kuazima majibu ya sataranji, bali aliwaendea mabingwa wa Zanzibar na kuchunguza namna wanavyokumbuka na kuhesabu. Sababu yake ni nzuri. Katika sataranji, mtu akicheza, kipande kimoja huhama na vingine hubaki vilivyo, au kimoja huondolewa. Katika bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, mchezo mmoja waweza kuzunguka tena na tena, ukabadili karibu kila shimo kabla ya kete kulala. Mchezaji hana budi kuziona kete zilivyo, na pia kuzifuata kwa moyo katika mwendo wake wote.

Hata hivyo kitabu hicho kina mpaka ambao wasomaji wake wengine wameuvuka bila kuutambua. Kinaeleza ubingwa wa watu waliokwisha kuiva. Hakielezi namna mtoto anavyojifunza, wala hakiwezi kuwa hoja ya kulipeleka bao darasani. Tena ni habari za visiwani. Mchezo wa bara, kama isolo ya Wasukuma, una taratibu zake. Anayetaka kusema neno juu ya wachezaji wa Bunda na Butiama hana budi kwenda kuwatazama huko huko.

Na akienda, aanze kwa kusikiliza lugha. Wachezaji wa Kiswahili husema kunamua, kutakata, kulala, kuwa na mtaji. Maneno haya si mapambo. Mwenye mtaji ni mwenye uwezo wa kula. Anayetakata ni yule aliyekosa cha kula. Katika maneno hayo mna maarifa juu ya fikira za mchezaji ambayo mtihani wa kumbukumbu hauwezi kuyafikia. Maneno ya Kizanaki na Kiikizu yangefaa kukusanywa vivyo hivyo, na wasemaji wenyewe waulizwe maana zake.

Liko jambo la mwisho, nalo ndilo zito. Hadithi ya Butiama inamjua mtoto mmoja aliyeonekana. Haiwajui waliocheza vizuri vile vile mbele ya wazee wasiokuwa na cheo cha kumshauri mtemi. Wala haiwajui wasichana, ambao mara nyingi hawakuwa na nafasi kwenye kivuli walipokaa wanaume na bao lao. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Nyerere mwenyewe aliulaumu mtihani unaopima uwezo wa kukariri na kutoa yaliyokaririwa. Kwa hiyo swali la kuuliza leo katika shule za Musoma si kama bao litawapa watoto akili. Ni kama mwalimu mwenye darasa kubwa anayo njia yo yote, nje ya karatasi ya mtihani, ya kuitambua akili ambayo mtoto amekuja nayo. Mtemi wa Ikizu alikuwa nayo moja, ikamtosha kwa mtoto mmoja. Shule ya watu wote yahitaji nyingi zaidi, na kuzitafuta ni kazi ya wachunguzi.